Mgonjwa Aliyecheleweshwa na Wivu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Dkt. Gaudiosa Rwegasira anapita kwenye korido ya zahanati binafsi jirani na mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, China. Nje ya mlango wa Dkt. Kissa wameketi wagonjwa sita. Nje ya mlango wake hakuna mtu. Anaingia na kuubamiza.

"Nakwambia ukweli, roho inaniuma," anasema huku akivaa koti jeupe. "Kissa nilimfundisha mimi kutundika dripu, kule Bukoba. Leo wagonjwa wanamwita bingwa."

Gaudiosa ana umri wa miaka 41, kumi na minne akiwa daktari. Mwaka jana zahanati hiyo iliweka sharti: daktari asiyemaliza saa nane za mafunzo ya kutibu uraibu na kufaulu mtihani, haruhusiwi kuandika dawa kali za maumivu wala kuwatibu wenye uraibu wa dawa hizo.

Kissa, mdogo wake kwa miaka tisa, alipata alama 92. Gaudiosa alipata 58. Ya kufaulu ni 70.

"Sikusoma. Nilijiambia, mlevi wa vidonge anahitaji kukemewa, kozi ya nini?"

Mwezi Machi alikuja Jaffari, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayenunua nguo za jumla Zhanqian Road. Tangu apasuliwe mgongo, vidonge viwili vya tramadol, dawa kali ya maumivu, kwa siku vilikuwa vimefika kumi na vinane.

"Dokta, nimechoka. Nataka kuacha. Nisaidie kabla mke wangu hajajua," alimwambia.

Gaudiosa alitakiwa ampeleke kwa Kissa, mlango wa tatu tu kutoka kwake. Hakumpeleka.

"Nilimsikia Kissa akicheka na muuguzi pale nje. Nikasema moyoni, mgonjwa huyu hampati. Nikamwambia Jaffari aache vidonge vyote, ajikaze, arudi keshokutwa."

Siku ya kwanza Jaffari alijikaza. Ya pili, akitetemeka na kutapika, alimeza vidonge vingi kwa mpigo, akaanguka kwa degedege katikati ya marobota ya suruali. Wauzaji waliozoea kumwita laoban, yaani bosi, ndio waliomkimbiza hospitali.

Gaudiosa alipopata habari, aliingia kwa Kissa, akafunga mlango, akasema yote.

Kissa akamuuliza, "Dada Gau, si ungenitukana tu mimi? Yeye alikukosea nini?"

Uongozi ulimpa Gaudiosa onyo la maandishi. Jaffari alilazwa siku tano, na sasa anapunguziwa dozi taratibu chini ya uangalizi wa Kissa.

"Nilimwomba Jaffari radhi," anasema Gaudiosa. "Akaniambia, 'Nilikuja kwako kwa sababu nilikuamini wewe.' Afadhali angenigombeza."

Siku hizi kila mchana husoma madaftari ya mafunzo aliyoazimwa na Kissa mwenyewe. Amegundua kwamba swali moja alilokosa liliuliza kama ni salama kumwachisha mgonjwa dawa hizo ghafla.

Jumamosi anarudia mtihani. Akifaulu, na mkataba wake ukiisha Desemba, anataka kurudi Kagera akawafundishe matabibu wa wilayani.

Je, wivu umekwisha? Anacheka kidogo.

"Haujaisha. Hata leo nimeamka nao. Lakini mgonjwa wa Kissa akikosea mlango akaja kwangu, nitamshika mkono nimpeleke mwenyewe."