Mgonjwa Niliyemwombea Ruhusa

Sebuleni mwangu nafuga tilapia wawili kwenye tangi la kioo. Jike, mkubwa kama sahani, alikuwa hajala siku kumi. Koo limevimba, mdomo kaufunga. Mimi, fundi mzima wa mashine, nikakosa raha kabisa.

Asubuhi nikamwambia chefu, mkubwa wetu kazini: "Niko na mugonjwa ku nyumba, siku kumi hakuli. Unipe ruhusa."

Akanipa; hakuuliza ni nani, nami sikusema. Nikasahau kwamba huku Likasi ukitaja mgonjwa, kazi nzima inakuja kumwona. Mchana chefu alikuwa mlangoni na wenzangu sita, wamebeba sukari na unga wa bukari, yaani ugali wetu. Maman Odette, karani wetu, alishaanza wimbo wa kanisani.

"Mugonjwa iko wapi?" chefu akauliza kwa upole.

Nikapokea sukari, kisha nikaonyesha tangi. Wimbo ukakatika.

Wote wakainama kwenye kioo. Hapo hapo samaki akafungua mdomo, vitoto vidogo kama punje za mchele vikamiminika nje. Kumbe siku zote hizo alikuwa akivilea mdomoni!

Maman Odette akaanza wimbo wa kupokea mtoto. Chefu akaninyang'anya sukari.

"Ruhusa ya kuzaa ni ya mama," akasema. "Weye, rudia ku kazi."