Nyuki wa Nyumba ya Kitete

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyuki waliingia kwenye nyumba ya marehemu babu yangu pale mtaa wa Kitete, asubuhi ileile watoto wake watatu walipokutana kuamua waiuze au waiache.

Watatu hao walikuwa Baba Mkubwa, aliyelima tumbaku Urambo. Baba yangu, fundi cherehani hapa Tabora mjini. Na mdogo wao, Shangazi Mwajuma. Shangazi aliachika bila mtoto, akarudi nyumbani kumuuguza babu miaka sita mpaka alipofumba macho. Hakuwa na pengine pa kwenda. Lakini sasa siwezi kumlaumu Baba Mkubwa kwa kutaka kuuza. Watoto wake walilala chini ya paa la nyasi lililovuja, na masika yaliyotangulia mmoja wao, Hamisi, alilazwa kwa kichomi. Hayo niliyajua ukubwani. Siku ile nilimwona tu kama mtu mkali aliyekuja kumfukuza shangazi yangu.

Bibi Nyamizi, dada yake babu, naye alikuwa amefika kwa treni kutoka Tura. Mumewe alikuwa mrina asali, naye nyuki aliwajua. Kundi lilipotua kwenye kenchi za paa, juu ya mlango wa chumba cha babu, sote tulikimbilia uani. Yeye alibaki ndani, akawaamkia kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu anayewaamkia wakwe zake.

"Waacheni," alisema alipotoka. "Hao ni wakubwa zenu waliotangulia, wamekuja kusikiliza. Mkigombana mbele yao watawaadhibu."

"Astaghfirullah," baba akanong'ona. Hata hivyo alikihamishia kikao barazani.

Hakikufika mbali. Baba Mkubwa alisema mnunuzi amepatikana, anakuja baada ya adhuhuri kuiangalia nyumba.

"Na Mwajuma atalala wapi?" baba akauliza.

"Kwako. Una vyumba viwili."

"Vya kupanga, kaka! Na mwenye nyumba ananihesabia hata wageni!"

Sauti zikapanda. Shangazi alikuwa akinyofoa ukindu wa mkeka aliokalia, mmoja mmoja. Mwisho Baba Mkubwa akainuka, akafunga majani makavu kwenye ncha ya mti mrefu, akayawasha. Mnunuzi hawezi kukuta nyumba ina wadudu, alisema. Bibi Nyamizi alimshika kanzu, lakini yeye akajinasua, akaingia ndani.

Nyuki hawakukimbia. Walimshukia yeye. Nilimsikia mtu mzima akilia kama mtoto, na kilio kile sijakisahau. Baba, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa akimfokea, aliuvuta ule mkeka, akaingia nao ndani na kumfunika. Walitoka wakijikokota, wamekumbatiana. Wote wawili walipelekwa hospitali.

Baba aliruhusiwa siku hiyohiyo. Baba Mkubwa alikaa siku tatu, kisha akaletwa nyumba ileile, macho yamezibwa na uvimbe. Shangazi ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko. Nilikuwa pembeni nikimfukuzia inzi.

"Mwajuma," alisema, midomo ikiwa mizito. "Hivi wewe mwenyewe unataka nini? Hata sikukuuliza."

Shangazi alirudisha kijiko bakulini. "Nataka nizeekee hapa, kaka. Lakini sitaki watoto wako wanyeshewe."

Ni yeye aliyeyakumbuka mabati ya vyumba vya uani, ambavyo havikuwa na mkaaji. Juma lile yakafumuliwa, yakafungwa kamba, yakapanda treni kwenda Urambo. Mnunuzi akaambiwa nyumba haiuzwi tena, na Shangazi akabaki na nyumba kubwa. Nyuki nao walikuwa wameshahama kabla Baba Mkubwa hajarudi kutoka hospitali, hakuna aliyewaona wakiondoka.

Nimewahi kumsimulia mrina asali mmoja habari hii. Alicheka, akasema nyuki huhama na kutua popote penye uwazi, na miali ya moto huwachokoza. Namwamini. Hata hivyo, nikikuta nyuki ndani ya nyumba ya watu, naongea polepole.

Baba na Baba Mkubwa walitangulia. Shangazi alipofariki mwaka jana, nyumba ikabaki mikononi mwetu sisi watoto wao. Hamisi alitaka iuzwe, na mdogo wangu anayeishi Dar akamuunga mkono. Mimi nilikwenda kikaoni nimejiandaa kupambana, na kisa cha nyuki nilikiweka tayari kama silaha. Kisha nikamtazama Hamisi, amekonda, hajagusa chai. Nikajikuta namuuliza, "Kaka, una shida gani?"

Akainamisha kichwa. Mkewe alikuwa mgonjwa tangu mwanzo wa mwaka, na yeye aliona aibu kutuambia.

Tuliuza. Miaka yote nilidhani Bibi Nyamizi aliilinda nyumba, lakini nikiyarudia maneno yake, kuhusu kuuza hakusema lolote. Aliogopa ugomvi tu. Aliwafahamu watoto wa kaka yake, akajua wakishatengana hawatarudiana, na akatumia alichoamini ili wanyamaze kidogo.

Siku ya kukabidhi funguo nililia ndani ya bajaji njia nzima. Kabla sijafika kwangu simu ikaita. Alikuwa Hamisi, anauliza kama nimefika salama.