Deraya ya Sista Perpetua

Asubuhi ile pale Maramba tulikuwa tunabishana juu ya uji. Mimi, mkunga wa zahanati, nilisema uji wa mzazi hautiwi pilipili manga nyingi. Sista Perpetua akasema kwao Pongwe, kwenye kambi ya mkonge alikozaliwa, mzazi asiyetoka jasho hajala. Alikuwa amesimama uani ndani ya deraya yake, vazi la chuma lenye injini, refu kuliko mlango wetu, na kijiko kimepotea kiganjani mwake. Wajawazito walicheka hadi wakashika matumbo.

Perpetua alikuwa mtawa na askari wa Ndugu wa Ngao. Shirika hilo lilikufa karne nyingi zilizopita, ng'ambo huko, likafufuliwa zama zetu vita vya maji vilipoanza na wagonjwa wakakosa wa kuwalinda. Watawa wake waliweka nadhiri mbili: kutomwacha mgonjwa, na kutovua deraya mbele ya adui. Mwanzoni sisi Waislamu tuliuogopa ule msalaba kifuani. Baba yangu, Mmanga mwenye michungwa yake, aliapa hawatakanyaga shambani kwake. Haukupita mwezi akawa anawapelekea machungwa kwa makapu.

Saa nne mamluki waliingia kutoka upande wa pwani, wakizitaka chemchemi zetu. Ndege zao ndogo zisizo na rubani zilitangulia.

Paa la wodi likaondoka.

Wazee wawili wasioweza kutembea tuliwateremsha kwenye ghala la chini, tukawaachia maji. Wajawazito wanne walikuwa na nguvu za kukimbia. Wa tano, Mwanaidi, alikuwa na uchungu tangu alfajiri.

Perpetua alipiga magoti. Kifua cha deraya kikafunguka, akatoka. Sikuwahi kumwona nje ya chuma. Alikuwa mfupi, mwembamba, miguu peku.

"Bi Zuhura, tumtie humu."

"Na nadhiri yako?"

"Ninazo mbili, mama. Leo hazikai pamoja."

Deraya ilijifunga na Mwanaidi ndani, ikashika yenyewe njia ya mashambani kwenda Muheza. Tukaifuata.

Ndege ikatuona.

Tukajitupa mtaroni. Risasi ziligonga chuma. Deraya haikusimama.

Ndege ilipopita, ikasikika ile sauti ya mashine, ya upole, iliyozoea kutoa taarifa za askari: "Tahadhari. Waliomo ni wawili. Askari wa pili hana sare."

Kisha kilio cha mtoto.

Tulicheka mle mtaroni, midomo imejaa vumbi. Perpetua akaiita deraya isimame, nikakifungua kile chuma, nikakata kitovu. Msichana! Mwanaidi akasema alhamdulillahi, Perpetua akaitikia amina, akacheza peku katikati ya njia mpaka nikamvuta kanzu.

Muheza walitupokea kwa vigelegele. Akina mama wauza matunda walimwogesha mtoto, wakamvisha fulana ya mtu mzima. Injini ya deraya ilikuwa imeungua. Perpetua alikunywa maji, akaazima pikipiki.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wale wazee."

Walipatikana siku ya tatu, wazima. Walisema alifika, akawaongezea maji, akatoka kuwavuta mamluki mbali na ghala. Hakuonekana tena.

Wakuu wa shirika walikaa kujadili kama jina lake lifutwe kwa kuvua deraya. Niliitwa, nikasema niliyoyaona. Halikufutwa.

Vita vilipokwisha, mimi na Mwanaidi tulimpeleka mtoto Pongwe kwa mama yake Perpetua. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, akampakata mtoto.

"Mzuri," alisema. "Ila msiniambie Mungu amenirudishia. Hakunirudishia."

Mtoto akamkojolea kanga nzima. Bibi akacheka, nasi tukacheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini, wakaishia kula nasi. Tulikaa siku tatu.

Chemchemi tunazo, na wale wazee niliwaona wakiota jua miaka mingi baadaye. Kama ningemzuia Perpetua pale Muheza, wangekufa. Najua hivyo. Bado natamani ningemzuia.