Kikombe Alichokiweka Mahfoudha

Wallahi mpaka leo nikikumbuka, mdomo wanibaki wazi. Na mimi si mtu wa kushangaa ovyo, nishatembea dunia, Dubai yote naijua.

Bakhit, mtoto wa ndugu yangu, alikuwa mjumbe wa Majlisi Shura, bunge letu la Omani, kutoka Qurayyat, mihula miwili, kila mtu akimwita Saada, yaani Mheshimiwa. Watu watakwambia elimu ilimfikisha. Elimu gani! Mimi, niliyeikimbia skuli, ndiye niliyemfundisha kazi. Nilimwambia: "Ukienda kwa mkubwa na haja, kahawa ipokee, kisha iweke chini. Usiinywe mpaka akupe unachotaka. Nani atastahamili aibu ya mgeni kukaa na kikombe kimejaa?" Akaviweka vikombe Maskati nzima. Barabara tukapata, zahanati tukapata, wakubwa wakimuona wanaficha dele la kahawa.

Uchaguzi ulipokaribia tukajaa kwenye sabla, ukumbi wetu wa wanaume ubavuni mwa nyumba yake, atangaze kugombea tena. Mara mlango ukafunguliwa: Mahfoudha, mkewe! Mwanamke, ndani ya sabla, wanaume tele! Bakhit halwa imemjaa mdomoni, hamezi, hatemi.

"Asalamu alaykum. Nimekuja mgeni."

Akaketi. Shihab, mtiliaji kahawa wetu, akamtilia. Mahfoudha akapokea kikombe, akakiweka chini.

Wanaume wote wakamgeukia Bakhit.

"Kunywa, bibi," Bakhit akanong'ona, "tutazungumza ndani."

"Ndani wewe hukai, Saada. Miaka yote hii nakuona kwenye televisheni. Sinywi mpaka unipe haja yangu."

"Haja gani?"

"Usigombee. Qurayyat watapata mjumbe mwengine. Mimi mume mwengine nitampata wapi?"

Bakhit akanitazama mimi. Mimi nikatazama zulia. Akikataa, kesho akiweka yeye kikombe kwa watu, nani atamjali?

"Nimekupa," akasema.

Mahfoudha akainywa yote, akakitikisa kikombe kwamba imemtosha, akaondoka.

Nikamfuata jikoni mbio. "We Mahfoudha, nani kakufundisha?"

"Wewe, ami. Ulikuwa ukimfundisha Bakhit kwa makelele, na mimi nakaanga samaki."

Sasa Bakhit yuko sokoni kila asubuhi na kapu lake, wavuvi bado wamwita Saada, na usiku anakula kwake. Juzi nami nilikwenda kwao, nna haja yangu moja tu.

Mahfoudha hakunipa kahawa. Kanipa maji.