Baba wa Mwadui

Pale Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, mtu akiingia nyumba mpya akakuta sakafu imenyooka na vigae vimekaa bila hata kimoja kunyanyua pua, husema bila kuuliza, "Hii ya Ansgar hii." Ansgar mwenyewe akisikia hujifanya hakusikia, lakini siku hiyo atakunywa chai mara mbili na kumtania mke wake mpaka mke amfukuze jikoni. Ndivyo alivyo. Fundi wa vigae, au tailizi kama wenyewe tunavyosema, mzaliwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kurithi, mume wa Mektilda, na mtu ambaye hajui kukaa bila kazi tangu alipopata cheti chake cha ufundi.

Kwa hiyo yule Mzungu aliyekuwa bosi mgodini, ambaye Ansgar alimtengenezea bafu, jiko na baraza, aliporudi kwao Australia akafungua kampuni ya ujenzi, akampigia simu kwamba njoo, na mke na watoto njoo nao, kazi ipo na nyumba ipo, watu hawakushangaa sana. Wivu ulikuwepo, mbona! Wapo waliosema Ansgar ana dawa. Lakini hata hao walikuja kumpa mkono. Mektilda alilia, akacheka, akauliza kama huko mchicha unaota. Ansgar akafanya mtihani wa Kiingereza, akafeli, akarudia, akapita. Mambo yakawa yanakwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya Noela.

Noela ndiye mtoto wao wa kwanza. Baada yake kuna Marselino, halafu Wema. Sura ni ya Mektilda na miguu mirefu ni ya Ansgar, hakuna anayebisha. Ila cheti chake cha kuzaliwa kinasema baba ni Agapiti na mama ni Eufrasia, na hapo, jamani, ndipo penye kazi.

Agapiti ni kaka yake Ansgar, baba mmoja mama mmoja. Miaka hiyo Noela anazaliwa, Agapiti ndiye pekee katika ukoo mzima aliyekuwa na ajira ya kueleweka. Alikuwa fundi umeme Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, anakaa nyumba ya kampuni, na matibabu ni bure kwake na kwa mke na watoto. Mke alikuwa naye, ndiye huyo Eufrasia. Watoto hawakujaliwa. Ansgar wakati huo alikuwa kibarua wa kuchanganya zege, na Mektilda ana mimba inayomtesa, miguu imevimba, zahanati ya kijijini wamesema huyu apelekwe hospitali kubwa. Kwa hela ipi? Eufrasia ndiye aliyesema, "Mleteni huku, atatumia kadi yangu." Basi Mektilda akaingia wodini kwa jina la shemeji yake, akajifungua salama, na mtoto akaandikwa vile vile mama alivyoandikwa. Siku hiyo walicheka mpaka machozi. Nani angedhani wamefanya kosa? Mtoto wa mdogo wako ni wako. Agapiti alimpakata yule mtoto akasema, "Mwanangu," na hakuwa anamdanganya mtu.

Umri wa shule ulipofika, Noela akaenda kukaa Mwadui, maana shule ilikuwa nzuri na jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Likizo anarudi kwa wazazi wake. Akakua hivyo, wote wawili anawaita baba, na ikibidi kuwatofautisha, huyu ni baba wa Mwadui na yule ni baba wa Kakola. Wadogo zake walimwita Agapiti baba mkubwa kama ilivyo kawaida, lakini Noela hapana, na hakuna aliyemsahihisha. Eufrasia alipofariki, wasifu wake ulisomwa kanisani kwamba ameacha mume na mtoto mmoja. Ansgar alikuwa amekaa benchi la pili na Mektilda. Aliinamisha kichwa tu, kwa sababu kumnyang'anya marehemu mtoto mbele ya jeneza lake asingeweza.

Sasa wakili wao wa Kahama, mama mmoja mpole lakini asiyezunguka maneno, akawaambia ukweli.

"Viza ni ya mke wako na watoto wako. Kwa makaratasi haya, Noela ni mtoto wa kaka yako."

"Kaka atamruhusu," Ansgar akasema. "Hata leo hii atamruhusu."

"Akimruhusu, atakuwa ameruhusu mtoto wake. Haisaidii. Cheti lazima kisahihishwe mahakamani. Vipimo vya vinasaba mtafanya, lakini aliyeandikwa kuwa baba atatakiwa aje mwenyewe, aape mbele ya hakimu kwamba huyu si mtoto wake. Na fanyeni haraka, akishatimiza miaka kumi na minane mambo yatakuwa magumu zaidi."

Nje ya ofisi Mektilda hakungoja hata wafike barabarani. "Nisikilize, baba Noela. Mtoto niliyemzaa kwa jina la mtu mwingine sitamwacha kwa jina la mtu mwingine. Tunakwenda wote au tunabaki wote." Alivyokaza uso, Ansgar akajua hapo hakuna mjadala.

Ungekuwa wewe usingeona taabu, si ndiyo? Mtu aende, aseme ukweli, arudi nyumbani kwake. Lakini kwetu "huyu si mwanangu" si maneno ya kutamka. Baba akiyasema amemkana mtoto. Hata awe na hasira ya namna gani, wazee watamkimbilia wamzibe mdomo kabla hajamaliza. Na Ansgar alitakiwa kwenda kumwomba kaka yake mkubwa, mgane, asiye na mtoto mwingine duniani, ayatamke kwa hiari yake mbele ya serikali. Alikosa usingizi. Kazini akakata vigae vibaya mpaka akajitukana mwenyewe.

Alikwenda Mwadui siku ya Jumapili. Walikula mihogo ya kuchemsha na karanga, na Ansgar akaongea habari za mvua, za bei ya pamba, za Yanga. Agapiti si mtu wa maneno mengi. Ni mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki pale mtaani, na hata kwenye jumuiya watu humsubiri mpaka wachoke. Mwishoni akafuta mikono.

"Umetoka Kakola mpaka hapa kuniambia Yanga imeshinda?"

Ansgar akamweleza. Alieleza haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara, na alipofika kwenye kiapo akapunguza sauti.

"Unataka niseme si mwanangu."

"Ni maneno tu, kaka. Ya karatasi."

"Na yale ya hospitali yalikuwa ya nini?"

Ansgar alijisikia mwizi, tena mwizi wa nyumbani. Akaanza kusema basi, tuache, labda ipo njia nyingine, lakini moyoni alikuwa anaomba kaka yake asikubali kuacha. Agapiti akamwangalia.

"Huko atasoma?"

"Atasoma, kaka. Mpaka chuo kikuu akitaka."

"Basi nitakuja. Ila Ansgar, mimi nikishika Biblia sijui kucheza nayo. Ulijue hilo."

"Nalijua, kaka," Ansgar akasema. Kumbe hakulijua.

Noela alipoambiwa, aliuliza swali moja. "Baba wa Mwadui atabaki na nani?"

"Atakuja kututembelea," Ansgar akamjibu. "Na wewe utarudi. Hiyo ni karatasi, mama, hakuna kitakachobadilika."

Siku ya mahakama Agapiti alikuja amevaa koti lake la harusi na viatu amevipiga rangi. Noela alimkimbilia mlangoni akambebea mfuko wake. Waliingia wameongozana, mtoto anacheka, na Mektilda akamfinya Ansgar mkono kwa furaha kwamba mambo yatakwisha vizuri.

Hakimu alikuwa kijana mstaarabu. Alisoma majibu ya vipimo, akauliza ilikuwaje, na Agapiti akaeleza yote bila kuficha, kadi ya mkewe, wodi, kila kitu. Hakimu akatikisa kichwa, akawaonya kidogo kuhusu udanganyifu, akaendelea. Agapiti akaishika Biblia.

"Kwa hiyo, mzee, unaiambia mahakama kwamba Noela si mtoto wako?"

"Noela si mtoto wangu."

Ilitoka vizuri, kwa sauti ya kusikika. Ansgar akashusha pumzi. Lakini hakimu alikuwa bado ameshika kalamu, anajaza nafasi za fomu yake.

"Na watoto wako wewe ni wangapi?"

Agapiti alimtazama Ansgar. Jamani, alimtazama! Hakuwa anamlaumu. Alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake aseme kitu, na Ansgar angeweza kusema. Angeweza kusimama akasema mheshimiwa, swali hilo lina haja gani? Angeweza hata kukohoa. Aliangalia vidole vyake vyenye saruji isiyotoka, akaviona vichafu, akanyamaza.

"Sina mtoto," Agapiti akasema.

Noela alikuwa nyuma yao, kwenye benchi. Ansgar alimsikia akivuta pumzi kwa nguvu, na hakugeuka kumtazama. Walipotoka nje walikuta Agapiti ameshapanda bodaboda kwenda stendi, na mfuko wake ulikuwa bado mikononi mwa Noela.

Viza zilitoka, zote. Kakola nzima ilisherehekea. Mektilda aligawa vyombo kwa majirani, Marselino akaaga timu yake ya mpira, Wema akawa anawaonyesha wenzake picha za kangaruu kwenye simu. Noela alisaidia kufunga mizigo na kujibu alipoulizwa. Ansgar alijiambia ni huzuni ya safari, itapita. Alimpigia kaka yake simu mara nyingi, na kaka alipokea kila mara, akasalimia, akauliza hali, akasema hana neno. Afadhali angegombana. Ansgar alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, ili aweze kuomba msamaha.

Walipitia Mwadui kuaga wakielekea Mwanza kwenye ndege. Tangu baba yao afariki, Agapiti ndiye mkubwa wa ukoo, na anayesafiri mbali hawezi kuondoka kabla hajabarikiwa. Alikuwa amejiandaa. Alisimama barazani na kibuyu cha maji, dereva akiwa amewasha gari kule nje na kupiga honi, maana muda ulikuwa unawatupa mkono.

Alianza na Mektilda, akachovya vidole, akampaka maji kwenye paji la uso na kumchorea alama ya msalaba. Akamshukuru kwa kuitunza familia. Marselino akafuata. "Nenda, mwanangu, ukamsaidie baba yako." Halafu Wema. "Nenda, mwanangu, ukue, usisahau kusali." Wema alicheka maji yalipomwingia jichoni, na Agapiti naye akatabasamu. Ansgar akaona lile tabasamu akafarijika. Akasema moyoni, Mungu mkubwa, yamekwisha.

Noela akapiga magoti, mfuko wa Agapiti ameuweka mbele yake, ameufua na kuukunja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akangoja. Sisi wote tunajua alikuwa anangoja nini, maana maisha yake yote, asubuhi na jioni, lile marahaba halikuwahi kuja bila "mwanangu" nyuma yake. Safari hii halikuja na kitu. Agapiti aliokota mfuko wake, akautia kwapani, wala vidole hakuvirudisha kwenye kibuyu.

"Kaka," Ansgar akasema. "Mbariki na huyu."

"Siwezi."

"Kaka, nakuomba. Nimekukosea mimi, usimwadhibu mtoto."

"Sina hasira, Ansgar. Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi. Hawa wengine sikuwasema kitu. Huyu nilishika kitabu cha Mungu nikamkana, yeye amekaa nyuma yangu anasikia. Kinywa kilichomkana ndicho unataka kimbariki? Likimpata baya huko ugenini, atasema nini kuhusu baraka hiyo?" Akamsukumia kibuyu. "Mahakama imempa baba. Mbariki wewe."

Ansgar akakipokea, angefanyaje? Mikono ile iliyozoea kunyoosha kila kitu ilikuwa inamwaga maji kwenye viatu vyake. Alichovya vidole, akainama, akavipeleka kwenye paji la uso la binti yake.

Noela akakwepesha kichwa. Alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama Agapiti.

"Niache, baba mdogo," akamwambia.