Ya Nyuma Iache

Kabla sijaanza, tuelewane. Sinywi rubisi, sinywi gongo, sivuti kitu, na kanisani naenda hata mvua ikinyesha. Kazi yangu ni chuma, na mtu aliyezoea chuma haamini jambo mpaka alishike mwenyewe. Kwa hiyo nikikuambia kwamba hili lilinitokea mimi, na si usiku wa manane bali saa nane mchana, jua linawaka, naomba usinikatize. Ukitaka kubisha, bisha nikimaliza.

Mimi ni fundi wa magari hapa Bukoba, upande wa Hamugembe. Nimefanya kazi hii tangu sina ndevu, na nilikuwa na kiburi nayo. Sisi Wahaya mnatuita nshomile, wasomi wa kujisikia, na mnadhani ni wale wenye vyeti tu. Fundi naye anajisikia, nakuambia. Mimi nilikuwa sipendi kabisa mtu aniambie jambo kuhusu gari.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja wa Kagoma, kule Muleba, mwalimu mstaafu, tumwite Mwalimu Kamugisha. Alikuwa na pikapu ya zamani, ile ya kupanda milima, injini nzima, mwili mzima, lakini miguu yake imebanana. Yaani magurudumu ya kulia na ya kushoto yamekaribiana, halafu gari lenyewe refu kwenda juu. Barabara ikiwa kavu, hakuna neno. Mvua ikishanyesha kwenye ile miteremko ya udongo mwekundu, linainama kama mlevi. Mara mbili lilikuwa limelala ubavu na mikungu ya ndizi ikamwagika bondeni.

Safari hii Mwalimu hakuwa anawaza ndizi. Binti yake, Koku, alikuwa amerudi nyumbani kwa baba yake kusubiri kujifungua. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, hii ya tatu ndiyo imefika mwezi wa tisa, na mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Kwenye kilima chao hakukuwa na gari jingine la kumfikisha hospitali ya Rubya. Mwalimu akaniita akaniambia, "Fundi, lipanue miguu hili gari. Simpakii mwanangu kwenye kitu kinachoyumba."

Kupanua miguu maana yake unatoa ekseli zote mbili, ya mbele na ya nyuma, unafunga za gari pana zaidi. Na lazima ziwe zote mbili. Ukifunga pana mbele ukaacha nyembamba nyuma, magurudumu ya nyuma hayafuati alama za mbele, na kwenye tope utajuta.

Nikaulizia huku na kule, nikasikia kuna pikapu pana iliyopinduka zamani kidogo huko Rubafu, bado iko kwa mjane wa mwenyewe. Mama huyo tunamwita Ma Jeneroza. Mumewe alifia kwenye ajali hiyo, watu wakasema alikuwa anakimbiza. Akazikwa kibanjani kwake, nyuma ya nyumba, kama tunavyozikana sisi, na gari likavutwa likawekwa humohumo kwenye migomba. Tukaelewana kwa simu. Siku niliyokwenda nilimkuta amejifunga kanga mbili, anakwenda msibani kijiji cha pili na watoto wake wote. Akanionyesha gari, akaniambia nijisikie nyumbani. Gari nililokodi la kubebea mzigo lingenifuata saa kumi. Nikabaki peke yangu.

Ya mbele ilitoka bila shida. Ya nyuma ikanitoa jasho. Nati moja ilikuwa imeshikana na kutu, spana ikateleza, nikachanika kidole gumba mpaka damu ikachuruzika kwenye kiganja. Nikatukana. Nilipoinua kichwa nikamwona mwanamume amesimama kwenye migomba, sweta la kijivu, kitambaa kimefungwa kifundo cha mkono wa kushoto. Akanisalimu kwa Kihaya, kwa adabu zote. Nikadhani ni shemeji wa yule mama, ameachwa kuangalia nyumba. Wewe ungedhani nini?

Kuna kitu nilikiona nikakipuuza. Kibanja kile kilikuwa kimetandazwa majani makavu ya migomba, ukikanyaga yanalia. Yule bwana alikuja mpaka ubavuni kwangu na sikusikia jani.

Akaniambia nati ile inalegea ukiipiga kwanza kutoka chini. Nikaipiga kutoka chini, ikalegea. Tukaiburuta ekseli nje pamoja, yeye ameshika upande mmoja, mimi mwingine. Ekseli ya nyuma pamoja na difu yake, lile boga la gia katikati, ni mzigo wa wanaume wanne, haki ya Mungu, na sisi wawili tuliibeba kama kapu tupu. Nikajisifu moyoni kwamba bado nina nguvu.

Tukakaa chini kupumzika. Akatoa mfukoni amwani, zile kahawa zetu za kutafuna, ambazo mgeni hukaribishwa nazo kila nyumba. Alinipa tunda moja tu. Akaniomba nilipasue, tugawane. Nikalipasua kwa vidole hivi vyenye damu. Unajua ndani ya tunda la kahawa kuna punje mbili, zimelaliana. Nikampa moja. Akaipitisha chini ya kile kitambaa cha mkononi, ikatoka imelowa kitu cheusi, akanirudishia mimi hiyo. Ile yenye damu yangu akaichukua kutoka kiganjani mwangu, akameza.

Kijana wa siku hizi hawezi kuelewa, lakini mzee yeyote wa Kihaya angeruka hapo kama aliyekanyaga moto. Huo ni omukago. Ndivyo babu zetu walivyochanjiana udugu: tunda moja, punje mbili, damu ya huyu kwa yule. Ukishameza, watoto wake ni wako, na neno lake hulivunji, maana ukilivunja ile punje inavimba tumboni. Mimi nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini kutema kahawa uliyopewa nyumbani kwa mtu ni tusi kubwa, na nilikuwa na haraka, na nilijiambia hayo ni mambo ya zamani. Nikameza.

Akaniangalia kwa huzuni, tena kwa upendo, siwezi kusema vinginevyo. Akasema, "Ya mbele chukua, ndugu yangu. Ya nyuma iache. Inadanganya."

Nikamjibu kwamba fundi ni mimi. Nikainama kukusanya spana zangu, na nilipogeuka hakuwepo. Basi, nikaona amenuna, ameondoka zake.

Ili nijiridhishe nikachukua nyundo nikazigonga. Umewahi kuwaona akina mama sokoni wakichagua chungu? Wanakigonga kwa kidole, wanasikiliza. Chuma nacho ni hivyohivyo. Ya mbele ililia vizuri, sauti ikakaa hewani. Ya nyuma ilitoa sauti iliyokufa, kama chungu chenye ufa. Niliisikia, tena nilirudia mara tatu. Nikasema moyoni ni tope limejaa ndani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gari la mzigo lilikuja, tukapakia zote mbili na kuzifunga kamba. Ma Jeneroza naye akarudi. Nikamshukuru kwa kuniachia msaidizi, nikamweleza yule bwana alivyo. Yule mama akaniuliza kitambaa kilikuwa mkono gani. Nikamwambia wa kushoto. Akasema mume wake alizikwa na bandeji mkono wa kushoto, kwa sababu jeraha alilopata kwenye ajali lilikataa kukauka hata alipokuwa amekwisha kufa. Akaniuliza tena, taratibu, "Alikupa kahawa?"

Nikaitika.

"Ulimeza?"

"Nilimeza, waitu," nikamjibu kwa heshima.

Akaketi chini palepale kwenye majani. Akaniuliza mumewe ameniambia nini mimi, ndugu yake. Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nikamwambia hakusema kitu. Ekseli zilikuwa zimeshafungwa kamba, Mwalimu ananipigia simu kila saa, na kwingine pa kupata jozi ile nilikuwa sipajui.

Kazi ile niliifanyia nyumbani kwa Mwalimu, Kagoma, siku tatu. Nikakata viti vya springi, nikavichomelea upya vikae sawa na fremu nyembamba, nikafunga breki. Gari likasimama limetanua miguu, linapendeza kweli. Majirani wakaja kulitazama. Mwalimu akanitania kwamba sasa hata yeye amenenepa. Koku alitoka amejishika kiuno, akacheka, akanishukuru kwa kumjali. Mimi nilikuwa sijala siku ya pili, tumbo limekuwa gumu upande mmoja, kama nimemeza jiwe.

Nilitaka kusema. Niamini, kila asubuhi nilifungua mdomo. Lakini nitamwambia nini Mwalimu, mtu aliyesoma, msoma masomo kanisani? Kwamba nimekatazwa na marehemu? Nilimwona akilini tayari anavyonitazama, nikaona aibu, nikafunga mdomo.

Siku ya tatu mchana, nimetoka tu kufunga nati ya mwisho, uchungu ukamshika Koku. Mvua ilikuwa inamwagika. Wakampakia mbele, Mwalimu akashika usukani, mimi na mama yake tukapanda nyuma. Na gari lilikwenda vizuri, jamani. Pale linapolalaga ubavu lilipita limetulia. Mama Koku akanishika mkono akasema Mungu anibariki. Nikaanza kuamini kwamba nimeponea.

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya daraja dogo nikasikia mlio mmoja tu, mkavu. Ekseli ya nyuma ilikatika karibu na difu. Gurudumu likachomoka na kipande chake, gari likaserereka likaingia mtaroni, likakaa. Hatukupinduka, ule upana wa mbele ulitushikilia. Lakini hakukuwa na gari jingine, wala bodaboda iliyoweza kupita kwenye tope lile. Vijana wa jirani walileta machela, tukambeba kwa miguu kwenye mvua, tukipokezana. Tulichukua muda mrefu mno. Koku alifika akiwa hai. Mtoto, wa kiume, hakufika.

Nilirudi peke yangu pale mtaroni nikatazama mahali ilipokatika. Palikuwa na kutu nyeusi, ya miaka, karibu mzunguko mzima. Sehemu iliyokatika siku hiyo, yenye chuma kinachong'aa, haikuzidi upana wa kidole. Marehemu hakuwa anakimbiza gari, ile ekseli ilipopasuka ndiyo ilimpindua ikamuua, na hakutaka iue tena.

Nilikwenda Rubafu nikamweleza Ma Jeneroza ukweli. Hakunigombeza. Watoto wake wananiita Tata, yaani baba, na binti yao alipokuja kuposwa nilikaa mimi kwenye kiti cha baba. Tumbo bado lina lile gumu. Nimepimwa kwa kila mashine, madaktari hawaoni kitu. Kahawa za kutafuna sipokei tena, watu wanasema ninaringa.

Lakini si hilo lililonimaliza. Mwaka uliofuata nilikwenda Kagoma, nikamwomba Koku tukae barazani, nikamsimulia kila kitu: mtu wa sweta la kijivu, damu, neno alilonipa, na sauti ya chungu kibovu niliyoisikia kwa masikio yangu. Nilisema nilivyoogopa kuchekwa. Nilitegemea alie, au anifukuze. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake iko mapajani. Kisha akasema, "Ungesema tu ni mbovu, waitu. Wewe ni fundi. Nani angekuuliza umejuaje?"

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukionywa juu ya uhai wa mtu, sema siku hiyohiyo. Aliyekuonya kama huwezi kumtaja, usimtaje. Sema tu ni mbovu.