Saba na Udongo

Ukipita mtaani kwetu Nachingwea ukasikia watoto wananipigia kelele "Saba na udongo!", usiwaulize maana yake, watakuongezea chumvi, bora uniulize mimi mwenye aibu yangu, ambaye nimeshajicheka hadi haiumi tena (inauma kidogo, siku za Ijumaa).

Ilikuwa likizo, niko kidato cha tatu, nimekwenda Ruangwa kwa mama mdogo. Jirani yake ni daktari wa mifugo, mtaa mzima unamwita Bwana Mifugo, nadhani jina lake halisi hata mkewe amelisahau. Uani kwake nikakuta mbwa ambaye sijawahi kuona mfano wake: miguu mifupi, kifua kama mlango, uso umebonyea kama alikimbia kwa nguvu zote akategemea ukuta utampisha. Mgeni mmoja aliyekuwa na kazi huko machimboni alirudi kwao akamwacha, mbwa akakutwa amefungwa kwenye nyumba tupu, hana hata maji. Jina lake Bosi. Na Bosi alikuwa anakoroma. Amesimama, macho wazi, ananitazama, anakoroma.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Ndivyo walivyo," Bwana Mifugo akasema. "Watu waliipenda sura hii, wakawazalisha hivihivi hadi pua ikakosa nafasi. Anahema kwa shida, macho yanatoa uchafu, hiyo mikunjo ya uso usipoipangusa kila siku inaota vidonda. Na jua, kijana. Jua litamuua huyu."

Yeye mwenyewe alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, huko alikopangiwa nyumba mbwa hawaruhusiwi, na kila aliyemwomba amchukue Bosi alimtazama mbwa akacheka akaenda zake. Akaniambia, "Mchukue, mkae naye kwenu siku tatu. Mkimuweza, wenu. Mkishindwa nirudishieni, msije mkamtupa njiani. Ila akirudi, kwangu imebaki sindano tu."

Sikuuliza sindano ya nini. Bosi akaniegemea mguuni na uzito wake wote, akakoroma kwa raha, basi nikawa nimekwisha.

Sasa, baba alikuwa anatafuta mbwa wa kulinda stoo ya korosho (sisi Waislamu mbwa wa kulinda mali tunafuga, wa kubembelezana naye sebuleni ndiyo hapana). Nikalala chini kifudifudi, simu nikaiweka chini ya kidevu cha Bosi, nikapiga picha, na kwa pembe ile wallahi alikuwa simba. Nikaituma: "Baba, mlinzi huyu hapa." Habari ya pua nikaimeza. Baba akanijibu kwa ujumbe wa sauti, "Shaibu! Mlete! Wezi watahama wilaya!" Na mzee wangu akiwa na kitu kwenye simu yake hakai nacho peke yake, hadi jioni Nachingwea nusu ilikuwa imeiona.

Bwana Mifugo alinipa karatasi ya masharti, akanisisitizia niondoke alfajiri kabla jua halijachomoza. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nikapiga hesabu zangu: nikiondoka alfajiri nafika asubuhi, nani ataniona? Lakini nikichelewa kidogo, nafika watu ndiyo wanatoka msikitini, wote, na kanzu zao. Basi alfajiri nikamuaga Bwana Mifugo vizuri na adabu zote, nikambeba Bosi hadi kwa mama mdogo, nikanywa chai, nikachana nywele, nikajipaka mafuta, na jua lilipokuwa linatisha ndipo nikapanda bodaboda, Bosi yuko kwenye tenga nyuma yangu.

"Dogo, umembeba mzee gani huyo anayekoroma hivyo?" dereva akauliza, tukacheka.

Mbele ya safari kukoroma kukakoma. Mimi nikafurahi, nikasema kalala.

Tukafika. Watu ndiyo kwanza wanavaa viatu. Baba yuko mbele na kanzu yake ya Idi, nyeupe inaumiza macho, pembeni yake Ustadhi Mbaraka, mwalimu wangu wa madrasa, ambaye fimbo yake na mgongo wangu wanafahamiana. Baba akanyoosha mikono, "Jamani rudini nyuma, mbwa mkali huyu!" Na watu wakarudi kweli, mtoto mmoja akaparamia ukuta. Nikafungua tenga kwa madaha, kama mtu anayezindua daraja.

Bosi akadondoka kama furushi. Ulimi nje, umekuwa zambarau. Kimya.

"Mbona simba mwenyewe kafika marehemu?" mtu akasema, pakachekwa hadi wengine wakashikana.

Mimi huwa sikosi utani, muulize mwalimu yeyote. Siku ile nikapiga magoti nikasema, "Ustadhi, anakufa," na nikaanza kulia, kulia kabisa, kwa sauti, darasa langu lote linaona.

Ustadhi akageukia watu. "Mnacheka nini? Kiumbe anakata roho, ninyi mnaonyesha meno? Mvuteni kivulini! Maji!" Akachukua birika la udhu akalimimina taratibu tumboni kwa Bosi, kwenye miguu, shingoni, baba akavua kofia akawa anampepea, na mimi nafuta kamasi sijui zangu sijui za mbwa. Birika la pili. La tatu. Kisha Bosi akakohoa, kifua kikapanda, na akaanza kukoroma. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Akasimama. Na mbwa akiloa, mnajua anachofanya. Alijitikisa kuanzia masikio hadi mkia, na yale mate yake marefu kama kamba yakaruka, moja likatua kifuani kwa baba, jingine likamzunguka Ustadhi kutoka bega hadi goti.

"Shaibu," Ustadhi akasema polepole, "mate ya mbwa yanaoshwa mara ngapi?"

"Saba, Ustadhi. Moja kwa udongo."

"Kumbe huwa unasikiliza."

Nikaziosha palepale bombani, kanzu mbili, wenyewe wamekaa kivulini wamejifunga misuli, na watoto wa madrasa wamejipanga wananihesabia. "Moja! Mbili!" Halafu kuna kitoto kimoja kijeuri cha jirani yetu, "Hiyo haikuloa, kaka Shaibu, rudia!" Na udongo wetu mnaujua ulivyo mwekundu. Kanzu ya Ustadhi mpaka leo ina rangi ya chai ya maziwa.

Nyumbani baba aliisoma karatasi ya Bwana Mifugo mara mbili. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Uliambiwa alfajiri," akasema. "Ukataka uonekane." Siku mbili akawa anamwangalia Bosi tu. Jumapili, siku ya kutoa jibu, akaniita.

"Huyu si mlinzi, ni mgonjwa. Kila siku apanguswe uso, na kila ukimpangusa, mikono uioshe mara saba na udongo ndipo uswali. Si kwa wiki. Kwa miaka. Utaweza? Usinijibu kwa utani."

Nikafikiria ile sindano ya kulala asiamke tena. Nikafikiria baridi ya maji ya alfajiri pia, sidanganyi. "Naweza, baba."

"Atachoka mwezi haujaisha," mama akasema kutoka jikoni.

"Na mbwa lazima awe na kazi," baba akaendelea, "huyu kazi yake..."

Hajamaliza, tukasikia Ustadhi nje, amekuja kutujulia hali. Amesimama kwenye mlango wa stoo uliorudishwa, ambako Bosi kalala kivulini ndani, kikoromo kinatikisa mabati. "Hodi! Jamani, nani huyo kalala humu? Njemba gani hii?"

Baba akanitazama. Nikamtazama baba.

"Mlinzi, Ustadhi," baba akasema.

Tukampigia Bwana Mifugo, akapumua kwa nguvu hadi simu ikavuma. Nami nimeapa, kiumbe simpandishi tena pikipiki juani ili mimi nionekane, na picha napiga nikiwa nimesimama. Alfajiri nampangusa Bosi, kisha nanawa nikihesabu kwa sauti ya chini, maana nyumba ya jirani wanatega masikio, na nikifika tu tano, nyuma ya ukuta kile kitoto kijeuri kinapiga kelele: "Haikuloa hiyo, rudia!"